Nyota Nyekundu ya Wakesha Dunguni

Toka nje jioni moja ya Januari, giza likishaingia, utazame mashariki. Utaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, karibu karibu. Kushoto kwake, yaani upande wa kaskazini, iko nyota kubwa nyekundu kama kaa la moto. Kulia iko nyingine, nyeupe. Ile nyekundu inaitwa Betelgeuse. Jina hilo husomwa Betelijuzi, nalo lilitokana na Kiarabu.

Sisi tunaolinda mahindi usiku nyota hiyo ndiyo saa yetu. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, inakuwa karibu na utosi. Katikati ya Machi inazama kama saa saba usiku. Hapo mimi humwamsha ndugu yangu ashike zamu, maana nguruwe hawangoji mtu aliyelala.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 nyota hii ilififia. Kufika Februari ilibaki na kama theluthi moja tu ya mwanga wake. Redio ikasema huenda inakaribia kulipuka. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuchimba mashimo ya mikorosho, na miche tumenunua kwa fedha zote za ufuta. Mke wangu akaniuliza:

"Baba Asha, nyota ikitulipukia, mikorosho hii tunampandia nani?"

Hakuwa anafanya mzaha. Mkorosho hungojewa miaka mitatu au zaidi. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kisomo.

Mwalimu alisema nyota ile ni jua kama jua letu, ila ni zee na limevimba. Upana wake ni zaidi ya mara 500 ya upana wa jua. Lingewekwa mahali pa jua letu, dunia ingekuwa ndani yake. Wekundu wake si ukali wa moto. Chuma cha mhunzi kikiwa chekundu kina joto dogo kuliko kikiwa cheupe, na nyota ni hivyo hivyo.

Kulipuka italipuka, lakini pengine baada ya miaka 100,000. Tena iko mbali mno. Mwanga tunaouona usiku huu uliondoka huko zaidi ya miaka 500 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga ngome yao Mombasa mwaka 1593. Siku ikilipuka, watakaokuwepo wataiona hata mchana, wala haitaunguza hata jani.

Nilipomweleza Mama Asha, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi lete maji, miche inakauka." Tukapanda yote.

Kufika Aprili nyota ilikuwa imerudia mwanga wake. Mwaka 2021 wataalamu walieleza kwamba ilikuwa imetema hewa, hewa hiyo ikapoa ikawa wingu la vumbi, nalo likaiziba.

Mwezi wa Juni usiitafute, kwa maana huwa upande mmoja na jua. Kuanzia Agosti utaiona tena mashariki, alfajiri, wakati mikorosho ina maua.