Robine Ilipokauka Uani Kwetu



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, nilikuwa niandike somo la twahara, lakini nimeona nianze na kisa kilichonipata mwenyewe, ingawa kinaniaibisha.

Tunaishi Gisenyi, mwendo mfupi kutoka Grande Barrière, mpaka wetu na Goma. Uani kuna robine (ndivyo huku kwetu tunavyoliita bomba) ambayo hutumiwa na familia, na watoto wa madrasa hutawadhia hapo. Mwaka 2023, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, Mto Sebeya ulifurika. Nchini kote walifariki watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko ya usiku ule, Allah awape subira waliofiwa. Sehemu ya maji ya mji wetu husafishwa Gihira yakitoka katika mto huohuo, na mvua ikizidi Sebeya hubeba udongo mwingi mno. Kwa hiyo wiki chache baadaye robine yetu ilipokauka, sikushangaa. Nikasema maji yamekatika, yatarudi.

Siku ya nne nikasikia maji yakitiririka upande wa pili wa ukuta. Jirani anajaza pipa!

Hapo shetani akapata nafasi. Mimi na mzee yule tulikuwa tumeshatofautiana kuhusu ukuta huo, na tangu hapo ilikuwa salamu tu. Nikamwambia mke wangu, "Mama watoto, huyu mzee ametufungia maji." Akaniuliza, "Umekwenda kumuuliza, Baba?" Sikumjibu.

Mwanangu wa miaka kumi ndiye aliyekuwa akienda ziwani na jerikani. Jioni moja alirudi amelowa mpaka kifuani. Aliteleza kwenye jiwe, na kuogelea hajui. Nikamkasirikia jirani badala ya kujikasirikia mwenyewe niliyemtuma.

Kesho yake darasani wanafunzi waliuliza kama sasa tunaweza kutayamamu. Nikawaeleza vizuri kabisa: ziwa liko karibu, basi haifai. Tena mwenye kukosa maji ni lazima kwanza ayatafute, na awaulize walio karibu naye. Nikawakumbusha kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu mzima, basi kopo moja linatosha. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi, jirani yako ana maji. Umemuomba?"

Nikabadilisha somo.

Baada ya Alasiri nikaenda kugonga. Kabla sijafungua kinywa mzee akasema, "Karibu Mwalimu. Watoto wako wanapita na jerikani kila siku, nikadhani mnajenga." Nilipomwambia robine imekauka siku tano, akaingia ndani akatoka na spana.

Alianza kwa kuuliza: ni robine moja au zote? Zote, na ya jikoni pia. (Ingekuwa moja, angeifungua mdomo tu na kutazama kichujio chake.) Akaniambia niiache robine wazi, akainama kwenye mita. Kile kigurudumu kidogo hakikuzunguka hata kidogo. Kwake maji yapo, kwetu hayapiti, basi yameziba mahali. Mita yenyewe na lakiri yake hakuigusa, wala nanyi msiiguse. Alilegeza kiungo kinachofuata baada ya mita, maji yakamrukia usoni. Maana yake yanafika mpaka hapo, na ubaya uko kwetu.

Iliyobaki ilikuwa koki kuu ya uani. Akafunga maji kwenye mita, akafungua kichwa cha koki. Mkono wake ulikuwa unazunguka vizuri, lakini ule ulimi wa shaba unaopanda na kushuka ndani ulikuwa umekatika, umebaki chini, umeziba njia.

"Nani aliikaza hivi?"

Mimi. Siku maji yalipokuja na tope niliifunga ili pipa lisichafuke, na kwa kuwa ilikuwa na kutu nikaikaza kwa koleo. Kisha nikaifungua, mkono ukazunguka, nikaridhika. Siku tano nilikuwa nikimdhania mtu uovu kwa kosa la mkono wangu, nami ndiye ninayewafundisha watoto aya ya dhana katika Suratul-Hujuraat. Nilimweleza yote, hata nilivyomdhania. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ule ukuta, Mwalimu, tutauzungumza siku nyingine."

Tulinunua koki mpya jioni ileile. Aliniagiza nifungue kwanza robine ya uani mpaka maji yawe safi, ndipo niyaruhusu jikoni na kwenye pipa. Kwenye kichujio cha robine tulikuta mchanga umejaa. Tukausugua kwa mswaki wa zamani. Na koki, alisema, ifungwe na kufunguliwa kwa mkono mara moja moja isishike kutu, na ikigoma aitwe fundi.

Asubuhi watoto walipanga foleni kutawadha. Yule binti alikuwa wa mwisho. Akaniuliza tena kama nimeshamuomba jirani.

Nikamwambia ndiyo, jana baada ya Alasiri.