Hewa Nayo Hulipiwa Nauli

Kazi iliyonilea ni kufunga vinyago. Sijachonga hata kijiko. Nilifika Mwenge, Dar es Salaam, nikiwa kijana wa kubeba magogo, nikamkuta mzee mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akiwafungia wageni mizigo yao. Akanikabidhi nyundo na futi kamba, na tangu hapo futi kamba ndiyo imenilisha.

Mnunuzi akishapendezwa na kitu hufikiria bei ya kitu hicho peke yake. Analipia sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, kisha ndipo anauliza litafikaje kwake. Nauli ikitajwa, uso unabadilika. Nimeshuhudia masanduku yakiachwa dukani kwa sababu hiyo, na iliniuma, maana kazi ya mikono ya fundi huwa inakosa pa kwenda kwa ajili ya kasha lililofungwa ovyo.

Kwa ndege, wapokea mizigo hutazama uzito wa mizani, halafu wanapima nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Jibu likizidi mizani, unalipia hilo. Sanduku likiwa ndani ya kasha la sentimita 120 kwa 60 kwa 60 linahesabiwa kilo 72, hata kama kwenye mizani ni kilo 45. Punguza sentimita kumi katika kila kipimo na hesabu inashuka hadi kilo 46. Kilo zote zilizotoka hapo zilikuwa hewa. Ndiyo maana nafungua miguu ya sanduku, naiviringisha kwenye blanketi na kuilaza ndani ya sanduku lenyewe, kisha nakata ubao kwa kufuata umbo lake.

Mpingo una hesabu nyingine kabisa. Ni mzito kuliko maji, unazama, kwa hiyo mizani ndiyo inayokumaliza. Kinyago kidogo cha mpingo nawashauri watu wasafiri nacho kama begi la ziada. Mashirika mengi ya ndege hayapokei kipande kinachozidi kilo 32, lakini chini ya hapo ada yake mara nyingi ni nafuu kuliko kukipeleka kama shehena. Zaidi ya nauli kuna suala la kibali: tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya mpingo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa vitu vilivyokamilika ambavyo mbao zake hazizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kinachozidi hapo nakishughulikia kibali kwanza, kabla hata sijagusa msumari.

Kwa mzigo mkubwa, meli haina mshindani. Ndani ya kontena la kuchangia unalipa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, na mawakala wengi hutoza kuanzia mita moja nzima. Lile sanduku langu halifiki hata nusu mita. Siku moja dada mmoja Mtanzania anayeishi Ujerumani aliniambia, “Kaka, sanduku la marehemu mama nitalilipia kama tiketi nyingine ya ndege?” Nikamwomba anivumilie. Baadaye wakaja mume na mke wanaoishi karibu na mji wake, wamenunua vigoda na kinyago kirefu. Nikaweka vyote katika kasha moja, kwa jina la mpokeaji mmoja, yaani yule dada. Walikwenda kugawana Hamburg, na nauli wakaigawana pia. Kuanzia hapo ninatunza daftari la nani anakwenda wapi.

Bei ya “hadi bandarini” inahitaji kuulizwa sana. Mzigo ukifika kuna kuutoa kwenye kontena, kuna ghala, wakala wa huko na forodha, na kwa mzigo mdogo gharama hizo zinaweza kuipita nauli ya baharini yenyewe. Simruhusu mteja aondoke kabla hajapata kwa maandishi bei ya hadi mlangoni, au orodha ya atakayodaiwa kule.

Kasha nalo lina sheria zake. Mbao za kufungia mizigo ya kimataifa hupashwa joto hadi katikati ya ubao kufikie nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha hupigwa muhuri. Plaiwudi haidaiwi muhuri huo kwa kuwa imeshapita kwenye gundi, joto na shinikizo. Ni nyepesi pia, nami huichagua kila ninapoweza. Ndani natumia magodoro chakavu; maranda nimeyaacha, maana wakaguzi wa mimea hawayapendi. Mpingo naupaka nta kwenye ncha, kwa sababu nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi huukausha haraka na kuupasua.

Kuna wanaoniomba niikate sanamu ya ujamaa iingie kwenye kasha fupi. Nakataa. Watu wale wote waliobebana wametoka kwenye gogo moja, na kuwatenganisha ni kuua kazi nzima. Viti vya mbao mbili zinazochomekana, sawa, hivyo navitenganisha. Sanamu ile inakwenda baharini kwa urefu wake. Siku hizi nikisikia mchongaji ameagizwa kazi ndefu, namwendea gogo likiwa bado na gome, nalipima, nampigia wakala, na mteja anapewa nauli kabla hajatoa kianzio.