Sanduku la sigari na mbegu zetu za maharagi

Juma lililopita, tulipofungua mabidoni ya mbegu za kikundi chetu, mama mmoja aliniuliza: «Hiyo akili ya chumvi uliitoa wapi?» Nilicheka, sikumjibu. Jibu lake ni refu, tena lina haya kidogo. Leo ninalitoa.

Miaka kadhaa nilifanya kazi ya nyumba kwa Mzungu mmoja hapa Bukavu. Alipenda sigari, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyokunjwa. Siku moja alileta sanduku jipya la kuzitunzia. Nje lilikuwa linang'aa. Ndani lilikuwa na mbao zisizopakwa kitu, zenye harufu tamu. Waseremala huziita mwerezi wa Hispania, ijapokuwa mti wenyewe unatoka Amerika. Kwenye kifuniko kulikuwa na kipima-unyevu kidogo kama saa. Akaniambia: «Mama, hili sanduku linywe maji kwanza. Likiwa tayari, panga sigari.» Kisha akasafiri majuma matatu.

Mimi nilielewa kuosha. Nilichukua kitambaa na maji ya robine, nikasugua ndani pote, nikalowesha na kile kisponji chake. Kesho yake nikapanga sigari. Aliporudi, sigari zilikuwa zimeota ukungu, na kifuniko kilikuwa hakifungi vizuri kwa sababu mbao zilikuwa zimevimba.

Hakupiga kelele. Alikata nusu ya mshahara wangu, miezi miwili. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa masomo. Binti yangu wa pili alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, akakaa akitazama wenzake wakipita na mikoba. Nilikasirika sana: sigara zimekula masomo ya mtoto wangu! Lakini usiku, nikiwa peke yangu, nilijua jambo lingine. Sikuwa nimeelewa, na niliona haya kuuliza.

Kwa hiyo nilimwendea, nikamwambia: «Mbele ya kuniachia kitu kingine, nionyeshe.» Alikaa nami jikoni, akaeleza yote.

Mbao mpya ni kavu, zina kiu. Ukiweka sigari mara moja, mbao zitanyonya unyevu wao na sigari zitakauka. Kwa hiyo unanywesha mbao kwanza, lakini kupitia hewa, si kwa kuzimwagia maji. Unaweka ndani kisahani kidogo cha maji, unafunga, unasubiri siku nyingi, hata majuma mawili. Maji yawe distile, yaani ya mvuke uliorudi kuwa maji, kwa sababu maji ya robine yana madini yanayoziba kisponji, na yanaweza kuleta vijidudu. Ukiona kipimo kimetulia siku kadhaa karibu na 70%, ndipo unapanga sigari. Kikishuka sana, zinakauka; kikipita 75%, ukungu uko mlangoni.

Na kipimo chenyewe, utajuaje kama hakidanganyi? Hapo ndipo chumvi iliingia. Unaweka chumvi ya kupikia ndani ya kifuniko cha chupa, unaidondoshea maji kidogo tu iwe kama uji mzito. Unaifunga pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, usiku na mchana. Chumvi iliyolowa hivyo hushika hewa yake kwenye 75%. Kipimo kikionyesha 70, basi kinapunguza 5.

Tangu siku ile sanduku lilikuwa kazi yangu. Wakati wa mvua niliondoa maji, kiangazi niliongeza, na sikulifungua ovyo. Hakuna sigari nyingine iliyooza mikononi mwangu.

Nilipoacha kazi hiyo na kuingia katika kikundi, msimu wa kwanza mbegu zetu zilioza ndani ya bidoni. Tulikuwa tumezianika siku chache, kwa macho zilionekana kavu, tukafunga. Tulinunua nyingine sokoni kwa bei ya kulia. Hapo nikakumbuka chumvi. Kwa mafundi wa mbegu pia kipimo hicho kinajulikana.

Kaanga chumvi kidogo ili ikauke, iache ipoe. Twaa chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, tia maharagi mpaka robo, na vijiko viwili vitatu vya chumvi. Funga, tikisa vizuri, kisha uache robo saa. Chumvi ikishika kwenye glasi, maharagi bado yana maji: rudisha kwenye jua. Glasi ikibaki safi, unaweza kufunga bidoni. Ni kazi ile ile: unyevu wa hewa ukipita 75%, chumvi kavu huanza kulowa na kunata.

Sigari zinataka unyevu, maharagi yanataka ukavu, lakini vyote viwili vinaharibika kwa sababu ya mtu anayefunga haraka. Kwa karanga na mahindi ni hatari zaidi, kwa sababu ukungu wao unaweza kuacha sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Usimpe mtoto karanga zilizoota ukungu, hata ukiziosha.

Binti yangu alirudi masomoni nilipomaliza deni, lakini miezi ile haikurudi. Ndiyo sababu sasa katika kikundi nauliza mpaka wengine wanachoka nami.

Mama uliyeniuliza, hilo ndilo jibu. Mwaka huu hatutanunua mbegu. Chupa iko kwangu. Uje na maharagi yako mbele ya kuyafunga.