Nilivyotafsiriwa Ng'ambo

Nimezaliwa Rubona, kando ya Ziwa Kivu, mwendo wa kilomita saba hivi kusini mwa mji wa Gisenyi. Wengi wanaijua Rubona kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa na kwa chemchemi za maji moto ambako watu huenda kukanda viungo vinavyouma. Mimi naijua kwa sambaza. Jioni wavuvi huingia ziwani na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba huku wakipiga makasia. Alfajiri hurudi, na mama yangu ni mmoja wa wanawake wanaowangoja ufukweni na ndoo zao. Kwetu neno "ng'ambo" halihitaji ndege. Ukisimama pale ufukweni, ng'ambo ni Kongo, unaiona kwa macho.

Lakini kuna ng'ambo nyingine, ya mbali, ambayo kanisani tuliijua kupitia wageni wa misheni. Walikuja wakati wa likizo zao, wakakaa wiki moja au mbili, wakarudi kwao. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyokuwa mkalimani wa wageni kama hao, na jinsi miaka minne baadaye nilivyokwenda misheni mimi mwenyewe, nikasimama mahali walipokuwa wamesimama wao.

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Kilikuja kikundi cha watu kumi na wawili kutoka Marekani, wakakaa nasi siku kumi. Kwa kuwa nilipata alama nzuri za Kiingereza, wazee wa kanisa walinichagua niwe mmoja wa wakalimani. Nilifurahi sana. Nilipewa fulana kama yao, na watoto wa mtaani wakaanza kuniita mzungu.

Wageni walikuwa watu wema, na sitaki msomaji afikiri vinginevyo. Walikuwa wamechangishana fedha kwa miezi mingi ili waje. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa muuguzi, aliketi ufukweni na akina mama, akajifunza kuanika sambaza na akakariri jina la kila mmoja. Mpaka leo akina mama humtaja. Lakini kazi kubwa waliyopanga ilikuwa kupaka rangi chumba cha shule ya Jumapili. Walinunua makopo ya rangi Gisenyi, wakapaka kwa siku tatu huku wakipigana picha. Jirani yetu mmoja ni fundi rangi. Wiki ile hakuwa na kazi. Kila asubuhi alipita pale, akasimama kidogo, akaenda zake. Walipoondoka, kanisa lilimwita arekebishe pembe na dari.

Jambo ambalo limenikaa moyoni zaidi lilitokea siku ya nane. Kijana mmoja wa kikundi alimkuta mama yangu akianika sambaza, amevaa nguo zake za kazi zenye magamba ya samaki. Akaniambia kwa Kiingereza nimwombe picha, ili watu wa kwao waone jinsi maskini wanavyoweza kuwa na furaha bila kuwa na kitu chochote. Hakujua kwamba huyu ni mama yangu. Mimi nami sikumwambia. Nilimgeukia mama nikasema kwa Kinyarwanda, "Mama, anasema wewe ni mzuri, anaomba picha." Mama akacheka, akafuta mikono, akanyoosha mkono kuchukua kitenge chake safi kilichokuwa kimetundikwa kwenye mti. Yule kijana akamwashiria kwa mkono: hapana, baki hivyo hivyo. Nikatafsiri, "Anasema umependeza hivyo hivyo." Picha ikapigwa. Sijui iko wapi leo.

Nilijiambia kwamba nimemwokoa mama asiumie na nimemwokoa mgeni asiaibike. Hata hivyo, kila nilipoikumbuka siku ile, nilijua kwamba nilimdanganya mama yangu mbele ya macho yake.

Sasa nije kwenye safari yangu. Nilipofika chuoni Rukara, mkoa wa Mashariki, kusoma Kiswahili na ualimu, nilijiunga na wanafunzi Wakristo. Mwaka 2023 tulitangaziwa kwamba wakati wa likizo ya Agosti kutakuwa na misheni ya siku nane huko Ngara, Tanzania. Tulijiandikisha kumi na wanne. Maandalizi yalichukua miezi mitatu. Kila Jumamosi tulikutana kuomba, kufanya mazoezi ya nyimbo na igizo, na kugawana kazi: nani atahubiri, nani atashika fedha, nani atafuatilia hati za kusafiria. Tulishona fulana za rangi moja. Tulikusanya pia mifuko miwili ya nguo zilizokwisha kuvaliwa, bila kumuuliza mtu yeyote wa Ngara kama anazihitaji.

Kila mmoja alitakiwa kuchanga faranga elfu sitini. Nilikuwa na elfu arobaini. Mama alinitumia elfu ishirini kutoka katika mtaji wake wa sambaza, na baadaye dada yangu aliniambia kwamba kwa wiki mbili mama alikuwa akinunua nusu tu ya ndoo alizozoea kununua. Kwa hiyo nilipopanda gari kwenda Rusumo sikuwa nasafiri kwa fedha zangu.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja alikuja kutufundisha. Alituambia tusidhani kwamba misheni ni jambo linalotoka Ulaya na Marekani peke yake. Gahini, ambayo haiko mbali na chuo chetu, ndiko ulikoanzia uamsho wa miaka ya 1930 ulioenea Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1935 kikundi kutoka Gahini kilivuka mpaka kwenda Kabale, Uganda. Miongoni mwao walikuwa mwalimu Blasio Kigozi na Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali ya Gahini, pamoja na daktari Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1937 vikundi vya uamsho huo vilikuwa vimefika Kenya, na baadaye Tanganyika. Safari zao pia zilikuwa za siku chache. Mzee akasema, "Tofauti ni hii: wale hawakuanza kwa kuwaonyesha watu dhambi zao. Walianza kwa kutubu makosa yao wenyewe hadharani, wazungu na Waafrika pamoja." Niliandika maneno hayo katika daftari, kisha nikayasahau.

Tulivuka daraja la Rusumo kwa miguu, maporomoko ya mto Akagera yakinguruma karibu. Ukishavuka, magari yanahamia upande wa kushoto wa barabara, na saa inakwenda mbele kwa saa moja. Sisi tulikumbuka magari, tukasahau saa. Siku ya kwanza wenyeji wetu walitungoja na chakula cha mchana kwa saa nzima, na sisi tukafika tukijisifu kwamba tumewahi.

Mimi nilijigamba kwamba Kiswahili changu kitafungua milango yote. Lakini Kiswahili cha chuoni ni kimoja na Kiswahili nilichonyonya utotoni, cha wachuuzi wa Goma na Gisenyi, ni kingine. Jioni ile niliposimama kutoa ushuhuda, woga ulinishika na maneno ya nyumbani yakanitoka. Nikasema kwa sauti kubwa, "Yesu anatosha dhambi zetu!" Kwa watu wa Kivu, kutosha ni kutoa, kuondoa. Kwa watu wa Ngara nilikuwa nimesema jambo lisiloeleweka kabisa. Watoto wa mbele walicheka, mwalimu mmoja akanisaidia taratibu, "Anaziondoa, dada." Nilirudi kukaa huku uso unanichoma.

Siku ya pili tulikwenda kuwasalimu wazee. Kwa kuwa wazee wengine hujisikia huru zaidi katika Kihangaza, kanisa lilitupa kijana wa kututafsiria. Kiongozi wetu aliniambia nifungue mazungumzo. Nikasema kwa Kiswahili fasaha, nikichunga kila neno, "Wazee wetu, tumetoka Rwanda kuja kuwasaidia ninyi mnaoishi huku vijijini, mliosahauliwa."

Hapa ni lazima nimweleze msomaji kwamba Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu sana. Mnyarwanda akitega sikio, anashika mengi. Yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akawaambia wazee: "Anasema wametoka Rwanda kuja kututembelea, na wanashukuru sana kwa jinsi tulivyowapokea." Wazee wakapiga makofi.

Mimi sikuwa nimeshukuru. Neno la shukrani halikuwamo kabisa katika maneno yangu. Kijana yule aliyaondoa maneno yangu mabaya, akaweka mema mahali pake, nami nikabaki nimesimama nikipokea makofi yasiyokuwa yangu. Nilimwona mama yangu ufukweni, mkono umenyooshwa kwenye kitenge.

Jioni nilimfuata yule kijana nikamwambia kwamba nilielewa alichosema. Alishtuka kwanza, kisha akacheka. Akasema, "Dada, wale ni wazee wangu. Ningewapaje maneno yale? Na wewe ni mgeni wangu. Ningekuachaje uaibike?" Hayo ndiyo niliyojiambia mimi mwaka 2019, karibu neno kwa neno.

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Usiku tulipokuwa tukiota moto alituuliza tunatoka sehemu gani za Rwanda, kisha akasimulia. Mwishoni mwa Aprili 1994, mwaka ule wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi kubwa ikaota Benaco, hapo hapo Ngara. Bibi hakuhukumu mtu. Alisema tu kwamba miti ilikwisha, maji yakawa ya kugombania, na bado nyumba yake iliwalaza watu kumi na mmoja wasiomjua. Mimi niliyekuja kuwasaidia "waliosahauliwa" nilikuwa nimelalia mkeka wa mtu aliyewasaidia watu wa nchi yangu kabla sijazaliwa.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi alitupa jembe kweli. Tulimsaidia kutayarisha shamba lake kabla ya mvua, na huko shambani, bila kipaza sauti wala igizo, ndiko tulikozungumza vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote. Alinisahihisha Kiswahili changu, nami nikamfundisha wimbo mmoja wa wavuvi wa Kivu.

Siku ya tano tulimuuliza mchungaji kile ambacho tungepaswa kumuuliza tangu Mei: walitaka nini kutoka kwetu? Akasema kwamba kwaya ya vijana ilitamani mtu wa kuwafundisha kinanda. Katika kikundi chetu alikuwamo mpiga kinanda hodari, lakini tulikuwa tumempa kazi ya kugawa nguo. Nguo zenyewe zilibaki katika mifuko yake, kwani vijana wa pale walikuwa wamevaa vizuri kuliko sisi. Siku tatu zilizobaki mwenzetu alifundisha kinanda kuanzia asubuhi hadi jioni, na sisi wengine tukapika na kuchota maji.

Siku ya mwisho niliomba kusema tena mbele ya wazee. Safari hii nilisema kwa Kinyarwanda, polepole, ili pasiwe na mtu wa kunifunika. Niliwaambia nilichosema siku ya pili, na kwamba mkalimani alinisitiri. Wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Tulijua, binti. Kiswahili tunakisikia. Tulimpigia makofi yeye." Wote wakacheka, na mimi pia, ingawa machozi yalinitoka.

Nilirudi Rubona wiki iliyofuata. Nilimkuta mama ufukweni, nikakaa karibu naye na kuanza kugeuza sambaza kwenye chandarua. Nilimweleza safari yote, na nilipomaliza nikamweleza ya ile picha: kijana alisema nini hasa, na mimi nikasema nini. Mama hakuacha kazi. Alisema, "Nilijua siku ile ile. Mtu anayeona umependeza hakuzuii kujifunga kitenge." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Akajibu, "Nilingoja uniambie mwenyewe."

Sisi tunaosoma Kiswahili tutakuwa walimu na wakalimani, na wengi wetu tutaalikwa kwenda misheni, ama kuwapokea wanaokuja. Sisemi tusiende. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo bado ni kweli, kwa sababu kuna kwaya huko Ngara inayopiga kinanda leo. Lakini kabla ya kushona fulana, tuandike barua kuuliza tunahitajiwa kwa lipi. Tukumbuke ni fedha za nani zinazotusafirisha. Na tuyapime maneno yetu kama tungeweza kuyasema mbele ya mama zetu bila mkalimani kuyabadilisha.

Mwaka huu naambiwa wageni watakuja tena Rubona. Wazee wameniomba nitafsiri, nami nimekubali kwa masharti mawili: rangi ipakwe na jirani yetu fundi, wageni wamshikie ngazi wakitaka, na nitatafsiri kila neno kama lilivyosemwa. Mama amekwisha kufua kitenge chake.