Mtoto wa Saba na Fundi Wake

Kwetu Wanande mtoto huijua zamu yake kwa jina. Mvulana wa kwanza huitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Mimi ni Katembo. Shamba la baba, mlimani karibu na Butembo, lilikwisha gawanywa kabla sijajua kushika jembe. Basi nikapelekwa mjini kwa seremala.

Miezi ya kwanza sikupewa randa wala msumeno. Nilifagia maranda, nikachota maji, nikachemsha gundi, nikabeba mbao kutoka barabarani. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Mara kwa mara aliniwekea kipande cha ubao mikononi, akauliza, "Mti gani huu?" Nikinyamaza, alikichukua akaenda zake. Siku nilipoutambua mti kwa harufu, kabla ya kuutazama, alinipa patasi.

Miaka mingi baadaye nilipata kitabu cha Kifaransa, Le Sorcier de Terremer. Mwandishi wake ni mwanamke wa Marekani, Ursula K. Le Guin, nacho kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1968. Jina lake lisiwashtue. Kwetu neno "mchawi" limekwisha tia watu wasio na hatia katika taabu kubwa. Lakini huyu wa kitabuni ni mjuzi, na nguvu yake yote ni kujua jina la kweli la kila kitu.

Habari yenyewe ni ya Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont. Mama yake alikufa naye hajatimiza mwaka. Baba yake, mfua shaba, hana maneno ya upole. Kaka zake sita wamekwisha ondoka nyumbani. Kwetu angeitwa Ndungo! Mjuzi mmoja, Ogion, anamchukua awe mwanagenzi wake. Kijana anadhani kesho ataamuru upepo. Kumbe anatembezwa kimya kimya msituni, mvua ikinyesha, naye anaulizwa habari za majani ya njiani. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa maana nilimwona fundi wangu.

Hadithi nyingi za ajabu, za mama zetu jikoni na za vitabuni, humpa mnyonge ushindi kwa pete au kwa upanga wa kuokota. Nazipenda, lakini huruka miaka ya kufagia. Le Guin hakuiruka, wala hakuficha hasara ya kukosa subira. Ged alimwacha Ogion akaenda katika shule ya kisiwa cha Roke, na huko, kwa kutaka kumshinda mwenzake, alifungulia mlango kivuli kilichomrarua uso, kisha kikamwinda. (Sishangai kwamba Amos Tutuola wa Nigeria, aliyetoa The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952, alikuwa amejifunza uhunzi kwanza.)

Tena jambo hili halikai vitabuni tu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Beni yamefukuza jamaa nyingi, na vijana wengi wamefika Butembo bila shule wala shamba. Porini wapo watu wanaomwahidi kijana ukubwa wa siku moja: bunduki, na dawa ya maji ambayo, wasema, hugeuza risasi kuwa maji. Hiyo nayo ni hadithi ya ajabu. Ina mnyonge, ina mjuzi wa uongo, ila uanagenzi haumo. Na kijana mwenye njaa na uchungu huisikia upesi kuliko mashauri yetu, hasa tukiwa hatuna cha kumpa ila mashauri.

Mimi nina meza ya useremala, na nafasi moja kando yake. Aliye hapo sasa ana miaka 16, ametoka pande za Oicha. Kazi ikiisha humsomea habari za Ged, nikitafsiri kadiri niwezavyo. Juzi tulifika pale Ged anapopanda merikebu na kumwacha Ogion. Kijana aliweka ufagio chini, akasema yeye angengoja masika moja tena. Kisha akauliza kama kwa Ogion chakula kilitosha.