Nyumba ya Mjomba ndani ya Telefone



Mwezi uliopita mtoto wangu wa miaka 11 alilia kama mtu wa matanga. Ndani ya telefone ya marehemu mjomba wake kulikuwa mchezo wa kujenga. Wawili hao walijenga humo nyumba kwa miaka 2, jioni umeme ukiwapo. Mjomba alipotutoka, mtoto aliendelea kuingia humo. Mlango alioweka mjomba, hakuugusa hata siku moja.

Siku moja nilinunua mega, telefone ikaomba mchezo ufanywe mpya, nami nikakubali. Mchezo mpya ukashindwa kusoma kazi iliyochungwa na ule wa zamani. Nyumba ikapotea. Nikamwambia: "Nyamaza, ni mchezo tu."

Usiku nilikumbuka Kasulo. Mwaka 2017 jamaa nyingi zilihamishwa pale ili madini yachimbwe. Shangazi yangu alipewa feza, lakini mpaka leo anasimulia mwembe wake wa uani. Hakuna aliyethubutu kumwambia: "Ni mti tu."

Asubuhi nilimwomba mtoto msamaha. Akachukua kaye, akachora nyumba yote, akianza na mlango.

Wamama, mbele ya kubonyeza "kubali", muulize mtoto anachunga nini humo. Mtafute anayejua telefone, afanye kopi kwanza. Na kikipotea, usimcheke.

Kaye ile tumeiweka kabatini, pamoja na picha ya mjomba.