Usiuze kiwanja kwa ajili ya picha ya goti!

Kama hamjambo hadi magotini, mshukuruni Mungu, maana huku mtaani kwetu goti lina madaktari wengi kuliko timu ya taifa ilivyo na makocha. Lalamika tu kwamba goti linauma. Jirani wa kulia atakwambia ute umekwisha, kula bamia. Wa kushoto atakwambia kunywa supu ya kongoro. Wa tatu atakushika bega na kukuuliza kwa sauti ya msibani: "Umeshapiga picha?"

Leo nataka tuzungumzie hiyo picha. Mimi si daktari, elimu yangu ni kidato cha nne. Lakini picha moja ya goti nusura iuze kiwanja cha familia yetu, kwa hiyo nina haki ya kusema mawili matatu.

Mama yangu ana miaka 58. Anauza vitumbua na chai Mbagala, kazi ya kuchuchumaa na kuinuka tangu saa kumi alfajiri. Goti la kulia likaanza kumsumbua. Tukampeleka hospitali moja ya binafsi, akapigwa eksirei, akapigwa na MRI, tukapewa bahasha kubwa yenye karatasi ya Kiingereza. Aliyetukabidhi alisema maneno machache tu: "Gegedu limelika, daraja la tatu. Inabidi goti lisafishwe." Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Wee! Hilo "daraja la tatu" lilipoingia nyumbani, ungedhani kuna mtu amefariki. Mama akaacha vitumbua, akahamia kwenye mkeka. Shangazi akamkataza hata kufagia, asije akakimalizia kigegedu kilichobaki. Baada ya miezi miwili kaka yangu mkubwa akaitisha kikao: kiwanja cha Chanika kiuzwe, Mama apasuliwe. Mimi nikaomba jambo moja tu. Kabla ya kuuza, tumtafute mtu wa kutusomea ile karatasi kwa Kiswahili.

Tukampata daktari wa mifupa kwenye hospitali ya serikali, mama wa makamo. Bahasha hakuigusa kwanza. Alimwambia Mama atembee, akae, ainuke, achuchumae. Akamminya goti huku na huku. Ndipo akazitundika picha kwenye taa.

"Mama, goti lipi linakuuma?"

"La kulia, daktari."

"Na la kushoto?"

"Hilo halijaniuma hata siku moja."

Daktari akacheka. "Haya, tazama hapa kwenye eksirei. La kushoto ndilo limelika zaidi."

Kaka akanitazama, nami nikamtazama. Kiwanja kilikuwa kinauzwa kwa ajili ya picha, na picha ilikuwa inalisingizia goti zima!

Hebu niwape nilichoambulia siku ile. Gegedu ni ile nyama ngumu nyeupe inayoteleza kwenye ncha za mifupa, walaji wa kuku wanaijua vizuri. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, kwa hiyo lenyewe haliumi. Maumivu yanatoka kwa majirani zake: mfupa ulio chini yake, utando unaozunguka goti, kano na misuli.

Eksirei hailioni gegedu. Inaona mifupa, na kati ya mifupa inaona pengo jeusi. Pengo likiwa jembamba, daktari anakisia kwamba gegedu limepungua. Tena inafaa upigwe umesimama, kwa sababu ukilala magoti hayabebi uzito, na pengo linaweza kuonekana zuri kuliko lilivyo. MRI ndiyo inayoliona gegedu lenyewe, na inatumia sumaku, si mionzi.

Sasa hayo madaraja. Ya eksirei yalipangwa mwaka 1957 na Kellgren na Lawrence wa Uingereza, toka sifuri hadi nne. Yanatazama goti zima: pengo, vijimifupa vilivyochipua pembeni, na umbo la mifupa. Madaraja ya MRI ni mengine kabisa. Humo, la tatu kwa kawaida maana yake ni kwamba mahali fulani gegedu limelika kupita nusu ya unene wake, lakini halijafika mfupani. Mahali hapo panaweza kuwa padogo kama ukucha. La Mama lilikuwa la MRI, nyuma ya pia ya goti, pale panapobanwa mtu anapochuchumaa. Na Mama amechuchumaa mbele ya jiko miaka mingapi?

Msidhani ni Mama peke yake. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya MRI za watu 710 wa Framingham, Marekani. Wote walikuwa wamepita miaka 50, na eksirei zao hazikuonyesha ugonjwa wa kulika kwa goti. Karibu tisa katika kila kumi walikutwa na kasoro fulani. Na wasio na maumivu walikutwa nazo karibu sawa na wenye maumivu! Yaani mtu wa umri huo akiingia kwenye ile mashine, hakikosi cha kuandikwa.

Na huko kusafisha goti? Mwaka 2002, kutoka Houston, Marekani, yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika. Wengine walisafishwa kweli, wengine walichanwa ngozi tu wakashonwa. Baada ya miaka miwili, waliosafishwa hawakuwa na nafuu yoyote ya kuwazidi wale waliochanwa ngozi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ule mkeka. Gegedu halina damu, linapata chakula chake kwenye ute wa goti, na ute unaingia na kutoka pale mtu anapotembea. Ukikaa tu, misuli ya paja nayo inalegea, mzigo wote unaliangukia goti. Tulidhani tunamtunza Mama, kumbe mkeka ulikuwa unamdhoofisha.

Dawa aliyopewa ni mazoezi: kuinuka kitini bila kushika kitu, kunyoosha mguu na kuukaza, kutembea kidogo kidogo. Na marufuku kuchuchumaa jikoni. Leo jiko liko juu ya matofali, Mama anakaanga amekaa kwenye stuli. Sisemi amepona. Asubuhi bado anashika ukuta kabla ya kuinuka. Lakini sokoni anakwenda mwenyewe, na kiwanja kipo.

Msinielewe vibaya, picha zina kazi yake. Goti likivimba ghafla na kuwa la moto, ukipata homa juu yake, ukianguka ukashindwa kukanyaga, au goti likijifunga lisinyooke, kimbia hospitali. Na wapo ambao goti limekwisha kweli, wakawekewa la bandia, wakarudi kulala usiku kama watu wengine.

Ila ukipewa bahasha, usiondoke na bahasha tu. Mwambie daktari kwa heshima zote: nisomee kwa Kiswahili. Daraja hili ni la kipimo kipi, sehemu gani ya goti, na pana kiasi gani? Halafu muulize lile kubwa: hiki unachokiona ndicho kinachoniuma? Asipokuwa na jibu la hilo la mwisho, kiwanja chako kisubiri.

Tukutane wiki ijayo. Na bamia kuleni tu, ni mboga nzuri.